Tairi la Mbele la Lul

Katika steji ya tuktuk za kubeba maji pale Garissa, hakuna dereva aliyejaza tairi lake mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya mwenyekiti, mzee Deeq, aliyeianzisha steji ilipokuwa na tuktuk tatu tu. Kila asubuhi baada ya chai alipita kwenye foleni na pampu yake, akajaza, kisha akayagonga matairi kwa fimbo. Tairi lisipolia, liliongezwa upepo. Zamani mtindo huo ulikuwa na maana, kwa kuwa walizunguka kwenye lami peke yake. Siku hizi nusu ya wateja wako bulla ya mbali, mtaa ulio ng'ambo ya mchanga, na fimbo bado inagonga vilevile.

Lul ndiye aliyekuwa mwanamke pekee kwenye foleni hiyo. Wiki ile alikuwa amezama mchangani mara mbili, na mara zote mbili wanaume waliacha kazi wakaja kumsukuma. Wao pia walizama, tena sana, lakini wakizama wao lawama ni ya mchanga. Akizama Lul, lawama ni ya Lul. Deeq alimwita mbele ya wote akamwambia kwamba akizama mara ya tatu atavua koti la steji, na bila koti hilo mwenye bomba hamjazii mtu mitungi. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. Miaka miwili ya jasho, halafu mtu anakufukuza huku akikuonea huruma!

Hakulia. Alikasirika, na hasira ikamfanya afikiri. Alikumbuka kwamba kila alipokata kona mchangani, usukani ulikwenda kulia na tuktuk ikaendelea mbele ikichimba. Akainama kulipapasa tairi la mbele. Lilikuwa kipara, tena gumu kama jiwe. Alipokuwa msichana Habaswein alichunga ngamia, na alijua kwamba ngamia huvuka mchanga kwa sababu unyayo wake hutanuka. Hapa steji walikuwa wanaupeleka mchangani ukwato wa mbuzi.

Kesho yake wenzake wakiwa bado kwenye chai, aliinua tuktuk kwa jeki, akafungua nati, akalitoa lile kipara. Mahali pake akafunga tairi la akiba lenye meno mazima, ambalo kwa desturi yao hubebwa mwaka mzima bila kugusa ardhi. Kipara likapanda kukaa kwenye nafasi ya akiba. Lile la meno akalijaza upepo kwa pampu yake ya mguu, aliyoinunua jioni iliyopita.

Deeq alipofika alisimama ghafla.

"Abaayo, dada yangu, tairi hii nani amefungua?"

"Mimi, adeer," alijibu Lul, kama mtu anavyomjibu ami yake.

Akamweleza kwamba kwenye lami atakwenda na upepo wa kutosha, akifika mchangani ataupunguza, na akirudi ataujaza tena. Deeq akasema tairi laini kwenye lami, kwa joto hili, litaungua. Hapo mzee alisema kweli, na Lul alikubali. Ndiyo maana alinunua pampu. Lakini mzee hakutaka kukubaliwa, alitaka kutiiwa.

"Ukizama leo, usiite mtu," alisema.

"Sitaita."

Lami ilipoishia, Lul alishuka akabonyeza pini ya valvu ya mbele mpaka tairi likabonyea chini, kisha akapunguza kidogo yale ya nyuma. Nuh, dereva mwenzake, alimpita akicheka na kumwuliza kama tairi limefiwa hata limelegea hivyo. Lul aliingia mchangani na mitungi ishirini, akafika kwenye ile kona mbaya, akakata. Tairi likatii. Alicheka kwa sauti peke yake.

Mbele kidogo alimkuta Nuh amezama mpaka ekseli. Nuh hakucheka tena. Alimtazama Lul, akatazama lile tairi lake lililobonyea, kisha akapiga magoti kuitafuta valvu. Alitoka bila kusukumwa na mtu.

Siku ile Lul alivuka mara nne. Kila aliporudi kwenye lami alikanyaga pampu mpaka mapaja yakamwaka moto. Habari zilifika steji kabla yake.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuja na pampu moja kwa moja kwenye tairi la Lul, kana kwamba jana haikuwepo. Lul akaketi chini, mgongo kwenye tairi, mkono juu ya valvu.

"Adeer, nakuheshimu. Lakini hii hutaigusa."

"Steji ni yangu."

"Steji ni yako. Anayezama ni mimi."

Deeq alisubiri ainuke, na Lul hakuinuka. Mwishowe mzee akaisogeza pampu kwenye tuktuk ya Nuh, mtu ambaye hakuwahi kumbishia. Nuh alikuwa ameshaifunika valvu yake kwa kiganja, macho ameyaelekeza chini.

Lul akasimama, akajikung'uta vumbi, akaenda kujaza mitungi.