Mashine Iliyooshwa Mpaka Ikachoka

Kanga wa porini wa upande wa Ankify wana mbio, na mbio zote hizo huishia mapajani. Houmadi aliwatega mwenyewe kwa nyavu, akawachinja mwenyewe kwa bismillahi, na bado hakupata kuwashinda. Kulikuwa na mmoja, majirani zake wa kijijini Ambanoro hawajamsahau, aliyechemshwa tangu adhuhuri hadi isha: maji yakaisha, kuni zikaisha, sufuria ikatoboka, kanga yuko vilevile.

Hilo lisingekuwa neno, kama si mama mkwe. Houmadi, kwa desturi ya Wangazija, alihamia kwa mkewe, na nyumba ilikuwa ya Bi Bahia, mama yake Ansoifa. Bi Bahia alikuwa ameishiwa na meno. Watu wakikaa mkekani kula nyama, yeye huchukua bakuli lake la uji akaenda kunywa uani, amewapa mgongo. Mwaka ule, wa pili tangu uhuru, Houmadi aliropoka mbele ya majirani kwamba Idi hii mkwe wake atakula kanga, tena mkekani pamoja na wenzake.

"Utamwazima meno yako?" Ansoifa alimwuliza.

Houmadi alifunga safari. Alipanda meli ya mizigo pale Hell-Ville, akaenda Mahajanga kutafuta mashine ya kusagia nyama.

Duka la Zoubeir lilijaa vitu vya wazungu waliorudi kwao: vitanda, kinanda, bafu la kuogea lililotiwa viazi. Zoubeir aliweka mashine mbili mezani. Moja mpya, inang'aa, nyepesi kama kikombe cha bati. Nyingine kuukuu, ya chuma kizito, kuitazama tu kunatisha.

"Unasaga nini, shehe?" aliuliza kwa Kibuki, lugha ya kila mtu pale mjini.

"Kanga wa porini."

"Basi iache hii mpya. Hii ni ya ng'ombe wa mjini, mlegevu. Kanga wako ataivunja."

Houmadi aliujaribu mkono wa ile mpya. Ukapinda. Akaurudisha taratibu, akajifanya anaangalia kinanda.

"Na hii nzito ilikuwa ya nani?"

"Mzungu mmoja, mwindaji."

"Akiwinda nini?"

Zoubeir akaanza kupangusa meza isiyo na vumbi. "Bata."

"Bata tu?"

"Bata wengi."

Mchukuzi mmoja, Mroivili, alikuwa ameketi juu ya gunia mlangoni. Zamani alikuwa mpishi wa mzungu yuleyule. "Na nguruwe mwitu," alisema bila kuulizwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nikizungusha."

Houmadi aliondoa mkono juu ya chuma kama aliyeungua. "Kwa mashine hii?"

"Hii. Au ile nyingine. Alikuwa nazo mbili, moja ya bata, moja ya nguruwe. Zinafanana."

"Umesikia?" alisema Zoubeir. "Zinafanana."

Kusikia alisikia, kuelewa ndiko kulikomshinda. Akatoka, akarudi, akatoka tena, mwishowe akaenda kwa Mwalimu Bourhane, aliyekuwa akisomesha Kurani karibu na msikiti.

"Ioshe mara saba," alisema mwalimu, "moja kwa udongo."

"Na kama haikugusa nguruwe?"

"Basi utakuwa na mashine safi."

Houmadi akainunua. Alikuwa gatini na ndoo yake, anaosha, shaka ilipomwingia: ule udongo umo ndani ya saba, au ni wa nane? Alikimbia kuuliza, akaambiwa mwalimu amekwenda mazikoni. Meli ikapiga honi. Akaona heri aoshe kwa namna zote mbili. Baharini akajiuliza kama kisu kilioshwa pamoja na mwili wa mashine au peke yake, akaanza upya. Kisha parafujo. Kisha sahani yenye matundu. Mabaharia wanasema maji nyuma ya meli yaligeuka rangi ya chai njia nzima, na kuna papa aliyewafuata akatokea mweupe pe.

Siku ya Idi vyuma vyote vililala mkekani, safi kupita sahani za harusi, na hakuna ajuaye kipi kinatangulia kipi. Houmadi akaviunga, akavifungua, akaviunga. Ikatokea tena kwamba mashine inataka kubanwa kwenye meza, na nyumba haikuwa na meza. Wakaibana kwenye ubao wa mbuzi ya kukunia nazi, Ansoifa akaukalia ili usiruke, mumewe akatia nyama ya kanga, akazungusha.

Kisu kilikaa kinyume. Nyama haikutoka kama nyuzi. Ilitoka rojorojo, kama chakula cha mtoto.

"Baba Hasnati, mimi nilitaka nyama ya sambusa," Ansoifa alimwambia mumewe. "Hii nitaifunga na nini, na leso?"

Houmadi alijifuta jasho. Majirani walikwisha anza kuingia. Ansoifa akaitia ile rojo kwenye tui, tangawizi na pilipili manga, ikaiva kabla hajageuka. Harufu ikatoka mpaka uani.

Bi Bahia aliingia bila bakuli la uji. Akasogeza watu, akakaa mkekani katikati yao, akala. Alipofika nusu, akainua kichwa.

"Mashine hii ilikuwa ya nani?"

Houmadi akaeleza yote: bata, nguruwe, mashine pacha, mwalimu, udongo.

"Huo udongo ulikuwa ndani ya saba, au nje?"

"Mara ndani, mara nje. Sijui tena, mama."

Mkeka mzima ukaacha kula. Bi Bahia aliitazama mashine, akamtazama mkwewe, kisha akamsukumia Ansoifa bakuli ajaze.

"Kesho upande meli, ukamwulize mwalimu vizuri."

"Niende nayo mashine?"

"Mashine iache. Wewe nenda na swali lako."