Mgeni Asiye na Kibanja

Mujuni alikuwa ameshauzunguka uwanja mara nne, na mkutano ulikuwa haujaanza. Kukaa hakuweza. Alikuwa msomi aliyekimbia Uganda na mkewe mwaka sabini na moja, akiwa na sanduku la vitabu na imani moja: ardhi ni ya wote. Leo, miaka mitatu baadaye, alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Kishanda, Tanzania, na Katibu Kata Karugendo alimtaka awahimize watu wahamie kijiji kipya kando ya barabara ya Muleba. Kibali chake cha kuishi nchini kilipitia mikononi mwa Karugendo. Lakini tusimwonee, maneno yale aliyaamini, au alikuwa akijilazimisha kuyaamini.

Aliyemkosesha raha ni Ma Celina, mjane aliyempokea. Mkewe Mujuni, Alistidia, alipofariki kwa homa, Ma Celina hakuuliza ukoo wala dhehebu. Alimpa nafasi ya kumzika ndani ya kibanja chake, shamba la urithi la ukoo, kati ya migomba, kando ya kaburi la mumewe. Nafasi ya namna hiyo Mhaya hampi mpita njia.

Mwishowe akaitwa mbele, akasema. Na alisema vizuri, mtu huyu! Kwamba migomba isitufunge kama minyororo, kwamba kila mmoja achukue kilicho chake, twende tukajenge pamoja. Karugendo alipiga makofi hadi kofia ikamdondoka.

Ma Celina akasimama na jembe lake, maana alikuwa ametoka kulima moja kwa moja. Akalilaza miguuni mwa Mujuni.

"Waitu Mwalimu, umesema vizuri," alisema kwa upole, akimwita kwa heshima ya Kihaya. "Basi tuanze na wewe. Twende ukamtoe mkeo."

Mujuni aliliangalia lile jembe, udongo mbichi ungali umeligandia. Aibu ilimpanda, halafu uchungu wote wa msiba.

"Siwezi," alisema. Kisha akamgeukia Karugendo. "Ndugu Katibu, niandike mimi kati ya wasiohama."

"Wewe?" Karugendo alicheka kwa hasira. "Kesho ufike Muleba na kibali chako. Mkimbizi, huna hata kibanja!"

"Anacho," alisema Ma Celina, akiinama kuokota jembe lake. "Mkewe yumo."