Vidonge vya Wiki Sita

Mwaka wa themanini na tatu nilikuwa namwogopa mwanangu Cresensia kuliko chui. Tuseme ukweli: nilikuwa naiogopa mikono yangu, ila yeye ndiye aliyekuwa akiikimbilia.

Ilianza na punje moja. Hapa Mbulumbulu ngano ya mbegu hutiwa sumu ya wadudu na rangi nyekundu, ili mtu asije akaisaga. Siku moja nikakuta punje nyekundu kwenye kiganja cha mtoto. Hakuwa ameila. Lakini tangu hapo, kwa kuhofu nitamlisha sumu, nikawa nanawa mikono mara arobaini mfululizo, na nikikosea hesabu naanza upya, hadi ngozi ikapasuka. Nilijua ni upuuzi. Kujua hakukunisaidia hata chembe.

Tena masika yale mimba ilikuwa imeniharibikia. Kwa mila yetu sisi Wairaqw, mwanamke wa namna hiyo hukaa kando, hashiriki maji wala moto na watu mpaka muda wa mwiko uishe. Basi mama mkwe kuniona nanawa na kujitenga, akanisifu! "Wasichana wa siku hizi wanadharau mila, lakini Domitila ameshika." Akamchukua Cresensia akakae kwake. Mwiko ukaisha, mimi bado nanawa. Hapo ndipo mume wangu Felisiani aliponipandisha lori la ngano hadi Arusha.

Daktari alikuwa mpole. "Mama, huu ni ugonjwa, si mkosi. Utameza klomipramini. Mdomo utakauka, mikono itatetemeka kidogo. Usitegemee nafuu kabla ya wiki sita."

Wiki sita! Mimi hata dakika sita zilikuwa zinanishinda.

Siku ya kwanza nilinawa kabla ya kumeza. Kidonge kikalowa mkononi, kikaacha rangi nyekundu kiganjani. Nikapiga yowe, nikakitupa. Felisiani hana maneno mengi. Akachota kingine kwa kijiko, akaniwekea ulimini.

"Meza. Mtoto anakungoja."

Nikameza. Kesho yake mdomo ukakauka na vidole vikaanza kutetemeka, nikajua nimekula sumu. Nikamuaga mume wangu.

"Si daktari alikwambia mdomo utakauka?" akasema.

Alinambia, ndiyo. Lakini hofu haina masikio. Kila siku kijiko kilipokuja niliona kifo kinakuja, na kila siku nilimeza, kwa sababu mtoto alikuwa anakua nyumba ya pili bila mimi. Wiki ya nne hakuna kilichobadilika, nikakaribia kuvitupa vyote chooni.

Wiki ya saba nilinawa mara tatu, nikaondoka. Hofu ilinifuata hadi mlangoni, ikanivuta gauni, lakini nilitembea. Nilitembea huku nalia hadi kwa mama mkwe.

Cresensia alikuwa uani anafinyanga vyungu vya udongo. Alikuwa ametimiza miaka mitano. Nikapiga magoti, nikamnyooshea mikono yote miwili.

Akainuka mbio, kisha akasimama ghafla, akaitazama mikono yake yenye tope. Uso ukambadilika. Hofu ile niliitambua.

"Subiri, mama," akasema, akakimbilia mtungini.

Nikamwona anajimwagia maji na kusugua, midomo inahesabu. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi tu. Alipofika kumi, akaanza upya.