Barafu ya Alhamisi

Kila Alhamisi, Landrova ya afya ilipokaribia Nyamuswa, Daktari Nyamburi alishusha kioo na kutoa mkono nje. Mama yake, Hana, alikuwa kando ya barabara na kibuyu cha maziwa ya mgando. Silasi, dereva, alipunguza mwendo kidogo tu. Mama na mwana wakapungiana, kisha vumbi likamfunika bibi wa watu. Basi. Hiyo ndiyo ziara ya mtoto kwa mama yake, mwaka wa pili sasa.

Msimwone katili. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku la chanjo ya surua, limezungushiwa barafu iliyotoka Musoma alfajiri, na barafu haina adabu, haimsubiri mtu amalize salamu. Mara moja tu, mwaka 1973, Nyamburi aliwahi kusimama. "Dakika tano," alimwambia Silasi. Lakini nani hutoka kwa mama yake bila kula? Kuku alikimbizwa, ugali wa mtama ukasongwa, majirani wakaja kumtazama daktari wa kike, maana hawakuwahi kuona mwingine. Walipofika kijiji cha ujamaa kule mbele, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Watoto arobaini walirudishwa bila sindano. Mvua zikafunga barabara wiki tatu, na alipoweza kurudi, surua ilikuwa imeshachukua wawili.

Tangu hapo hakusimama tena, wala hakumweleza mama yake sababu. Lakini alimtamani mno. Jioni, nyumbani kwake Kitaji, mjini Musoma, alikula peke yake akitamani mtu mmoja tu amwite Nyamburi, bila "Daktari" mbele.

Alhamisi moja ya kiangazi, mama hakuwepo barabarani. 

"Tusimame, Daktari?" Silasi aliuliza.

Nyamburi alitazama saa, akatazama sanduku. "Twende," alisema, na akajichukia.

Kijijini, foleni ilikuwa imezunguka ofisi nzima. Alifanya kazi ameinamisha kichwa, akili imebaki Nyamuswa. Mkono, pamba, sindano. "Wa nani huyu?" aliuliza kila mara, ili muuguzi aandike kadi.

"Huyu wa Penina, jirani yangu," sauti ilimjibu. "Wangu ni huyo anayechoma sindano."

Aliinua uso. Hana alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu imejaa vumbi, mtoto mapajani, kibuyu pembeni. Alikuwa ametembea tangu jana.

"Mama! Kwa miguu njia yote hii?"

"Sasa nifanyeje? Miaka miwili nakuonaga mkono tu. Nikaona wenye watoto ndio wanaonaga uso wako. Nikaazima mtoto."

Nyamburi alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. "Mama, ile siku niliyosimama kwako..."

"Wale wawili nilisikia, mwanangu. Ndiyo maana sijakuita hata siku moja." Hana alinyoosha mkono wa mtoto. "Choma. Barafu inayeyuka."

Alichoma. Aliushika mkono ule mdogo, na wa Hana chini yake, kupita muda uliohitajika. Watu nyuma wakaanza kukohoa.

Hana alimkabidhi maziwa, akambeba mtoto wa Penina, akazunguka ofisi na kwenda kusimama tena mwisho wa foleni. Kati yao kulikuwa na watoto hamsini na mmoja. Nyamburi alichukua pamba nyingine.