Msiba wa Mwalimu Piet

Mwalimu Piet, Mholanzi aliyewafundisha watoto wetu hesabu, alinyoa kipara siku ya Ijumaa kwa sababu ya chawa. Jumamosi asubuhi Efrazia alipita akitoka kisimani, akakiona kile kichwa, akatua ndoo. Jua halijapanda vizuri, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba mwalimu amefiwa.

Kwetu mtu hanyoi kipara hivi hivi. Na palipo na msiba, hakuna anayeshika jembe wala nyundo mpaka tanga lianuliwe. Siku hiyo ilikuwa ya kazi ya ujamaa, kuezeka darasa jipya, na mawingu ya masika yalikuwa yameshakaa juu ya milima ya Gare. Mwalimu mkuu Hezekia alikuta bati ziko chini na mafundi wake wako uani kwa Piet, wamekaa kwenye majani. Akina mama wameleta ndizi na maharage.

Piet alidhani wamekuja kumtembelea. Alifurahi, akawafungulia redio.

"Uchungu umemzidi," alisema mzee Mbaraka.

"Labda kwao ndivyo wanavyolia," alisema Tatu.

Hezekia alimvuta Piet kando, akamweleza.

"Lakini hakuna aliyekufa," alisema Piet. "Ni chawa."

"Wamepika, Mwalimu. Ukiwaambia ni chawa, hizo bati tutapandisha wewe na mimi. Fikiri vizuri."

Piet alifikiri. Kisha alizima redio, akakaa chini na watu. Alisema bibi yake, aliyemlea, alifariki mwaka jana. Habari ilimkuta hapa hapa. Hakwenda kumzika.

"Ukafanyaje?" aliuliza Efrazia.

"Nikaingia darasani, mama."

"Siku ile ile?"

"Darasa la sita walikuwa na jaribio."

Watu walitazama chini. Mwaka mzima mtu amekaa na msiba katikati yao, nao wanamwuliza habari za mahindi.

"Pole, mwanangu," alisema Efrazia, na hapo Piet akalia, bila redio.

Hezekia alitazama mawingu. "Mzee Mbaraka, tanga linaanuliwa lini?"

"Msiba wenyewe ni wa mwaka jana," alisema mzee. "Tukishakula, linatosha."

Walikula. Wanaume wakanyanyuka kwenda kupandisha bati, na Piet akanyanyuka nao. Efrazia alimshika shati.

"Mfiwa hapandi juu ya paa," alisema. "Kaa. Hizo ndizi hujazimaliza."