Makubazi ya Mwalimu Visalatchi

Mzee Sokkalingam hakuwa mtu wa kuomba makubwa. Baada ya kumwoza binti yake Valli na kustaafu kazi ya posta, alichotaka duniani ni ukurasa mmoja tu wa kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha kuwaongoza wageni kwenye mahekalu, ngome na majumba ya kale ya wilaya yao, na mwandishi wake, Mwalimu Visalatchi, alikuwa ameshajaza kurasa arobaini na tisa. Ulibaki mmoja. Ijumaa Mwalimu angekuja kijijini Sirukani kulikagua hekalu lao, na asipoona cha kuandika, ukurasa ungepewa tangi la maji lililojengwa na Waingereza kule barabara kuu.

Hekalu la Sirukani lilikuwa la mungu Shiva, dogo, la kale, na tupu. Sokkalingam ndiye aliyekuwa mdhamini wake, kama baba yake na babu yake. Kuhani alikuwa Sundaresan, kijana mpole mwenye sauti nzuri ya kupotezwa bure, maana kila asubuhi aliimba mbele ya mungu, fahali wa jiwe na mke wa Sokkalingam. Mke wa Sokkalingam akishikwa na mafua, alibaki fahali. Hekalu kubwa la mjini lilikuwa limemwita Sundaresan akahudumu huko, naye, akitazama chini kwa aibu, alishamwambia mdhamini kwamba atasubiri mpaka Pongal, sikukuu ya mavuno. Wageni wakianza kuja, atabaki. Wasipokuja, ataondoka. Na hekalu lisilo na kuhani hutiwa kufuli. Sokkalingam alikuwa ameyaona mawili ya namna hiyo, popo ndani na mbuzi juu ya paa, na akiyakumbuka alikosa hamu ya chakula, yeye ambaye idli saba, vile vikate vya mchele vya mvuke, kwake zilikuwa ni kuonja tu.

Kidonda kilitiwa chumvi na shemeji yake Annamalai, kaka wa mkewe, mdhamini wa hekalu la Perungarai, kijiji cha pili. Hekalu la Perungarai lilikuwa ukurasa wa ishirini na mbili, kwa sababu lina nguzo ya jiwe inayolia kama kengele ukiigonga. Hakukuwa na harusi wala msiba ambao Annamalai alikosa nafasi ya kuitaja nguzo yake.

Kwa hiyo Jumatano na Alhamisi Sokkalingam alishinda hekaluni akigonga nguzo kwa vifundo vya vidole, sikio limebandikwa kwenye jiwe. Nguzo zilikuwa thelathini na mbili. Thelathini na moja hazikusema kitu. Kwenye ile ya thelathini na mbili alitoka mjusi. Mkewe Meenal alikuwa ameketi kwenye baraza akitunga yasmini, na kwa muda mrefu alijizuia, lazima tumpe sifa hiyo, lakini mwishowe uvumilivu ulimwishia.

"Baba Valli," akasema, "ukimaliza kubisha hodi utuambie nani yuko ndani."

Sokkalingam akamjibu kwamba wenzao wana nguzo zinazolia, wana simba wa jiwe wenye mpira wa jiwe kinywani, na wao wana fahali mwenye pembe moja. Meenal akamshauri amwambie mgeni ukweli na ampe chakula kizuri. Sokkalingam akasema ukweli haujazi ukurasa.

Ijumaa Mwalimu Visalatchi akateremka kwenye bajaji. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, sari ya kijivu, mwavuli mkononi, tepu ya kupimia begani, na daftari lililofungwa kwa kamba. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na kila alichokitazama alikitazama kama mwanafunzi aliyekuja bila kazi ya nyumbani. Langoni alivua makubazi yake mapya ya ngozi ya kahawia, akayapanga vizuri chini ya ukuta, akaingia. Kisha akatoka, akayasogeza kidogo, akaingia tena.

Sokkalingam hakungoja. Alianza kupiga chuku palepale kwenye fahali, akieleza jinsi pembe ilivyovunjika siku fahali huyo alipopigana na radi.

"Nani aliona?" akauliza Mwalimu.

"Babu yake babu yangu."

"Aliandika mahali?"

"Hakujua kuandika, Mwalimu."

Mwalimu akampima fahali kwa tepu, akageuka kutazama langoni, akaendelea. Daftari halikufunguliwa. Kwenye ukuta wa nyuma akakuta maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye jiwe, ambayo Sokkalingam aliyapita maisha yake yote bila kujua yanasema nini. Mwalimu akayasoma kwa kidole, polepole. Yalisema kwamba mfanyabiashara fulani alilitolea hekalu kondoo tisini na sita ili samli ya taa isikatike, na kwamba kondoo hao hawatakufa wala hawatazeeka. Kisha akamgeukia mdhamini, akamwuliza kondoo wako wapi sasa.

Sokkalingam alihisi babu yake ameitwa mwizi. Akasema atalifuatilia suala hilo. Mwalimu akatazama tena langoni, na Sokkalingam moyo ukamwanguka, maana kwake mtu anayetazama langoni kila saa ni mtu anayetaka kuondoka.

Meenal akamkaribisha mgeni wali wa ukwaju kwenye jani la mgomba. Mwalimu akachagua mahali pa kukaa panapoonekana lango, akala, akaongezewa, akala tena, macho yako kulekule nje. Kwa kuwa wanawake wawili wakikaa na wali hawakosi kuambiana shida zao, akamsimulia Meenal kwamba huu ni mwaka wa saba mambo yanamwendea kombo. Goti linamwuma. Mpiga chapa wa kwanza alipoteza picha zote. Mkwe wake amenunua kasuku anayetukana. Mnajimu amemwambia ni Zohali, ile sayari nzito, imemkalia miaka saba na nusu, na bado miezi sita.

Sokkalingam, aliyekuwa nyuma ya nguzo akijifanya kupangusa vumbi, alisikia kila neno, na kichwani mwake pakawaka taa. Nani asiyejua kwamba Zohali hukaa miguuni? Mtu akiibiwa viatu hekaluni hurudi kwao pekupeku lakini mwepesi, kwa sababu mwizi ameondoka na viatu pamoja na Zohali iliyo ndani yake. Ila ni lazima viibwe. Ukivitoa mwenyewe haihesabiki. Hiyo ndiyo zawadi ambayo hekalu la Sirukani lingeweza kumpa Mwalimu, na mtu aliyeondolewa Zohali hawezi kulinyima hekalu ukurasa. Tatizo ni kwamba hekalu lisilo na waumini halina hata mwizi. Mdhamini akaona kazi hiyo imemwangukia yeye.

Akangoja ibada ya adhuhuri. Sundaresan alipowasha kafuri na kengele kulia, Mwalimu na Meenal wakafumba macho na kuunganisha mikono. Sokkalingam, ambaye hakuwahi kukosa ibada hiyo tangu astaafu, akatoka nje akinyata, akayabeba makubazi, akayafutika kiunoni ndani ya shuka lake jeupe. Yalimfanya aonekane mjamzito. Akakimbia hivyohivyo mpaka kwenye bwawa la hekalu, huku mawe ya ngazi yanamwunguza nyayo, akayatupa majini.

Yakaelea. Mtu aliyeshughulika na barua maisha yake yote angejulia wapi tabia ya ngozi majini? Akayatupia jiwe, likakosa. Akayasukuma kwa tawi, yakaenda katikati ya bwawa, pahali panapoonekana kutoka kila upande. Kengele ikanyamaza, naye akarudi ndani mbio na kusimama nyuma ya mkewe, akihema.

Mwalimu Visalatchi, majivu matakatifu yaliyotoka kupakwa kwenye paji la uso, alikuwa anafungua daftari.

"Mzee Sokkalingam," akasema, "nitakuambia ukweli. Hekalu lako halina ajabu yoyote. Lakini nimetembelea sehemu arobaini na tisa katika wilaya hii, na nimeibiwa viatu mara kumi na moja. Kumi na moja. Leo nimekaa hapa saa nzima nikiyalinda makubazi yangu kwa macho, na hakuna hata mtu aliyeyasogelea. Ukurasa wa hamsini nimeamua uwe wako. Nitaandika kwamba hapa ndipo pahali pekee mgeni anaweza kumwomba Mungu bila kufikiria viatu vyake."

Sokkalingam akamfuata Mwalimu langoni, Meenal na Sundaresan nyuma yao, na hapo wote wanne wakasimama wakiutazama ukuta, chini yake hakuna kitu.

"Nimefumba macho dakika kumi," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeumia kweli.

Sundaresan akakimbilia barabarani kumtafuta mwizi. Meenal hakwenda popote. Alikuwa anamtazama mumewe, kwenye shuka lake jeupe, ambapo zilikuwa zimepigwa chapa nyayo mbili za vumbi jekundu la miguu ya mgeni, wazi kabisa, kila moja na vidole vyake.

"Baba Valli," akasema, "nani amekukanyaga tumboni?"

Basi yakaisha. Sokkalingam akaonyesha bwawa kwa kidole, akaeleza yote, Zohali, kasuku, goti, mpaka machozi yakamlengalenga kwa aibu.

"Uliyaiba kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hukuyataka mwenyewe?"

"Hayanitoshi, Mwalimu."

"Wale wezi kumi na mmoja walivitaka viatu vyangu," akasema Mwalimu, akakaa kwenye ngazi, akafuta mstari aliokuwa ameuandika. Kisha akaandika kwa muda mrefu, akafunga daftari kwa kamba, akakataa kuonyesha. Sundaresan alijitolea kuyavua makubazi kwa mti mrefu, lakini Mwalimu akasema yaachwe, akapanda bajaji pekupeku na kwenda zake.

Sokkalingam alijua amelizika hekalu kwa mikono yake. Jioni ileile alimwambia Sundaresan awe huru kuwaandikia watu wa mjini. Meenal alikaa siku mbili bila kumsemesha, na siku ya tatu alipomsemesha, akatamani zile mbili zirudi.

Kitabu kilitoka wiki moja kabla ya Pongal. Annamalai ndiye aliyekileta, amevaa shati jipya kwa ajili hiyo. Akaketi barazani, akaomba maji, akanywa taratibu, akafungua ukurasa wa hamsini na kuusoma kwa sauti ili majirani nao wafaidi. "Hekalu la Sirukani. Halina ajabu. Fahali ana pembe moja, na aliyeshuhudia ikivunjika hakujua kuandika. Kondoo tisini na sita hawajulikani walipo. Wali wa ukwaju ni bora kuliko popote wilayani. Mdhamini huiba viatu vya mgeni mwenye Zohali kwa mkono wake mwenyewe, bila kuombwa na bila kujitakia faida. Mwandishi aliibiwa makubazi yake hapa, na tangu siku hiyo goti halijamwuma."

Annamalai alicheka mpaka akajipangusa macho. Akamwambia shemeji yake kwamba sasa wilaya nzima inajua wamemwoza dada yao kwa nani.

Jumamosi, siku ya Zohali, Sokkalingam alikuwa bado amelala amejifunika gubigubi kwa aibu Meenal alipoingia na kumvuta shuka. Kuna watu, akamwambia. Sokkalingam akauliza wangapi. Meenal akasema avae upesi.

Walikuja kwa mabasi na bajaji. Walikuja wenye magoti yanayouma, wenye watoto waliofeli mitihani, wenye visima vilivyokauka. Viatu vyao walivipanga chini ya ukuta, kisha wakasimama mbali wakijifanya kutazama nguzo, na hakuna aliyekubali kurudi kwao kabla ya kuibiwa. Ndani Sundaresan alikuwa akiimba, na kwa mara ya kwanza watu walimwitikia, sauti zikagonga paa na kurudi. Sokkalingam aliisikia kutoka nje, mikononi amekumbatia viatu vya watu wasiomjua, akasimama akiwa na furaha mpaka akasahau anakwenda wapi. Kisha akaendelea kuiba. Aliiba tangu alfajiri mpaka mabega yakamwuma, akivirundika vyote kwenye banda tupu la gari la kumtembezea mungu siku za sikukuu.

Karibu na adhuhuri akamwona Annamalai mwenyewe, akizungukazunguka ukutani na viatu mkononi. Mashine yake ya kukoboa mpunga ilikuwa imekufa mara tatu mwezi huo. Akamwomba shemeji yake, kwa sauti ya chini, amsaidie.

"Ukiomba si wizi, shemeji," akasema Sokkalingam. "Viweke chini, ugeuke, utazame nguzo."

Annamalai akaviweka chini, akageuka, akatazama nguzo.

Saa saba mlango ulipofungwa kwa mapumziko na watu kuondoka, Sundaresan akatoka, sauti imemkauka, akaanza kutafuta ndala zake pale alipoziacha. Akaangalia chini ya ukuta, akaangalia nyuma ya fahali, kisha akamwangalia mdhamini.

"Mzee, mimi sina Zohali."

"Najua, mwanangu."

"Watu wa mjini nimeshawajibu asubuhi hii kwamba siendi. Umeziiba za nini?"

"Hukuniambia kwamba huendi. Nilisema pekupeku hutafika mjini."

"Nilikuwa nahudumia watu. Haya, ziko wapi?"

Sokkalingam akalitazama banda lililojaa viatu mpaka mlangoni, akaona haya.

"Ziko chini kabisa," akasema. "Nilianza na zako."