Jibini Bila Utani

Mmatengo na Mnyasa wakikutana bila kutukanana, ujue mmoja wao anaumwa. Ndivyo ilivyo tangu mababu. Mtu wa mlimani humwambia mtu wa ziwani kwamba amezaliwa na magamba, na mtu wa ziwani humjibu kwamba heri magamba kuliko kuzaliwa na mguu mmoja mfupi kwa ajili ya kulima kwenye mteremko. Kisha wanakula pamoja, wanaoana, wanazikana. Huo ndio utani, na anayeukasirikia hana kwao.

Ottilia alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Ila alikuwa ametoka chuoni kusomea utalii, na elimu nayo ina namna yake ya kumtia mtu hofu.

Safari aliyoibuni ilikuwa nzuri. Asubuhi mgeni anapanda kwa Mama Kunigunda, juu ya mji wa Mbinga, anaonja jibini. Mchana anateremka hadi Mbamba Bay, kwa Mama Eliza, anaonja chokoleti. Mwisho vyote viwili vinawekwa kwenye sahani moja, mlima na ziwa, vikutane mdomoni mwa mgeni. Kila alipoifikiria sahani hiyo, Ottilia alilengwa na machozi. Alikuwa binti wa namna hiyo. Aliwahi kukanyagwa na mbuzi, akamwomba mbuzi radhi.

Sasa Bi Devotha, wa kampuni moja ya utalii ya Dar es Salaam, alikuwa anakuja kuijaribu safari hiyo. Akiipenda, wageni wangeanza kuja, na Ottilia angebaki kwao akifanya kazi aliyoipenda. Asipoipenda, angepanda basi kwenda Makambako kwa mjomba wake kuuza vipuri vya pikipiki. Mjomba alishamwekea kiti nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo, siku chache kabla, alikwenda kwa Mama Kunigunda na ombi moja: siku hiyo pasiwe na utani.

"Hata kidogo?" akauliza Mama Kunigunda.

"Hata kidogo, mama. Mgeni wa Dar hatajua kuwa mnataniana. Atadhani mnagombana."

"Na akiniuliza kuhusu lile tope ambalo Eliza analiita chokoleti?"

"Utasema ni nzuri."

Mama Kunigunda akaishika rozari yake kama mtu aliyeambiwa aape uongo mahakamani. "Haya. Kwa ajili yako, mwanangu."

Kule ziwani Mama Eliza alicheka mpaka akaikalia ndoo. "Yaani nisiseme kwamba jibini yake ni sabuni iliyofeli mtihani?"

"Usiseme, mama."

"Wala kwamba panya wa nyumba yake wamehamia kwa jirani?"

"Mama Eliza!"

"Haya, haya. Siku moja haiui mtu."

Dereva, Pankras, naye akala kiapo. Huyu alikuwa mtoto wa Mbamba Bay, na breki za Noah yake zilikuwa nzuri kuliko za ulimi wake.

Siku ikafika. Bi Devotha alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani mikubwa na viatu vya kutembelea. Alipanda gari, akasalimia, akatulia. Njia nzima ya kupanda mlimani alitazama ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huyalima kwenye miteremko mpaka mlima ukaonekana kama umefumwa. Ottilia alieleza. Bi Devotha aliitikia kwa kichwa. Kila mara alimtupia Pankras jicho, kama anayengoja jambo, na Pankras aliendesha huku ameuma midomo.

Kwa Mama Kunigunda mambo yalianza vizuri. Mama huyu alijifunza jibini kwa masista, alipokuwa mpishi wao misheni, na chumba chake cha jibini kilikuwa nyuma ya stoo ya kahawa, chenye ubaridi hata jua likiwa la utosi. Alimwonjesha mgeni jibini changa, nyeupe, laini kama shavu la mtoto. Kisha iliyokaa, ya manjano, ngumu, yenye harufu ya kuingia chumbani kabla yake. Bi Devotha alitafuna taratibu, akafumba macho.

"Hii ni kazi ya mtu," akasema. "Na huyo mama wa chokoleti, mnafahamiana?"

Pankras akageukia ukuta. Mama Kunigunda akaishika rozari yake.

"Ni mama mzuri," akasema. "Ninamheshimu."

Ottilia akashusha pumzi. Hakuona kwamba neno lile lilikuwa limetoka kama mwiba unaotolewa kwa sindano.

Pankras akapiga simu ziwani kuarifu kwamba wanakaribia kuondoka, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mama Kunigunda, akiwa bado ndani ya kiapo, akasema, "Mwambie nampa salamu za heshima."

"Mama Eliza, Mama Kunigunda anakupa salamu za heshima."

Kuku akapita mlangoni.

"Za nini?" ikasema sauti ya Mama Eliza.

"Za heshima, mama."

"Aha. Basi mwambie nashukuru sana."

Simu ikakatika, na Bi Devotha akatoka nje kutazama mibuni. Mama Kunigunda alisimama na kisu cha jibini mkononi, uso umemshuka.

"Nashukuru sana," akarudia polepole. "Miaka yote hii Eliza hajawahi kunishukuru. Nilipomuuguza mtoto wake alisema nimemtia harufu ya ng'ombe. Leo nashukuru sana? Nimemkosea nini?"

"Si tulikubaliana, mama," Ottilia akanong'ona. "Ni kwa ajili ya mgeni."

"Kukubaliana ni mbele ya mgeni. Mgeni yuko kwangu, hayuko kwake! Kule alikuwa peke yake na simu yake. Nani alimlazimisha?" Akalifunika kapu la jibini lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya sahani ya mwisho. "Hii haiendi bila mimi. Nakwenda kumwuliza ana kwa ana."

Akavaa kitenge cha kanisani, akapanda gari, kapu mapajani.

"Ooh, mama anatusindikiza!" akasema Bi Devotha.

"Ndiyo," akajibu Ottilia kwa sauti nyembamba. "Ni sehemu ya safari."

Barabara ya kwenda Mbamba Bay huteremka kwa kujipindapinda, na kwenye kona fulani ziwa hutokea lote kwa mkupuo, la bluu, hadi milima ya ng'ambo. Ottilia alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kusema kwenye kona hiyo. Alisahau yote, kwa sababu ndipo Mama Kunigunda aliposema, "Samahani, dereva, naomba upunguze mwendo kidogo, tafadhali."

Pankras alikaribia kuingia korongoni. Siku zote mama yule humwita mla usipa, wale dagaa wa ziwani. Akamtazama kwenye kioo kama aliyesikia habari ya msiba. "Sawa, mama," akajibu. "Asante kwa kunikumbusha." Na mama naye akashtuka kwa jibu hilo. Wakateremka hadi ziwani hakuna aliyepumua vizuri.

Mama Eliza alikuwa amejiandaa. Chini ya banda lake la makuti, hatua chache kutoka majini, palikuwa na kakao iliyoletwa kwa meli kutoka Kyela: nyingine bado punje, nyingine imekaangwa na kupepetwa kwa ungo, nyingine imesagwa kwenye mashine ya karanga hadi ikawa uji mweusi unaong'aa. Harufu yake ilifunika hata ile ya dagaa waliokuwa wakianikwa kwa jirani. Lakini Ottilia hakutazama kakao. Alitazama kiti.

Mama Eliza alikuwa amemwekea Mama Kunigunda kiti. Cha mto. Chenye kitambaa cha kufuma mgongoni.

Mama Kunigunda hakuwahi kukaa kwenye kiti katika nyumba ile. Siku zote hupitiliza jikoni, hufunua vyungu na kuuliza nani amekufa humo ndani.

"Karibu sana, mama," akasema Mama Eliza, akimpa mkono kwa mikono miwili. "Poleni na safari."

"Asante, mama. Tumeshapoa."

"Sijui utatumia maji au soda?"

"Usijisumbue, mama."

Wakaketi, magoti pamoja, kila mmoja akiutazama mkono wake. Majirani waliokuja kuchungulia wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mmoja akavua kofia.

Ottilia akaileta sahani. Vipande vya jibini ngumu, vipande vya chokoleti chungu, vimepangwa kwa zamu kama bao. "Onja jibini kwanza, mama," akamwambia Bi Devotha, "halafu chokoleti, bila kumeza, vikutane." Bi Devotha akafanya hivyo. Akatafuna. Akaonja tena, safari hii kinyume, chokoleti kwanza. Kisha akamvuta Ottilia pembeni, karibu na mitumbwi.

"Binti yangu, chakula ni kizuri. Nitakuwa nikikikumbuka."

"Asante, mama."

"Lakini sitaleta wageni." Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyouma. "Wale wamama wawili hawapendani. Nimekaa kwenye matanga yaliyochangamka kuliko hapa. Mgeni hunusa ugomvi haraka kuliko jibini."

Ottilia akasimama kwenye mchanga akiona kaunta ya Makambako, na boksi la plagi, na mjomba akimwambia asiache droo wazi. Alikuwa amewafunga midomo watu wawili waliopendana kuliko mapacha, ili wasionekane kama wanagombana, na sasa wanagombana kweli. Akarudi bandani anakimbia.

"Mama zangu, nimekosea. Tania— tanianeni! Nimewaruhusu!"

Hakuna aliyeinua uso.

"Aanze yeye," akasema Mama Eliza. "Ndiye aliyeniletea heshima."

"Aanze yeye. Ndiye aliyenishukuru."

"Dada Ottilia," akasema Pankras taratibu, "hawawezi kuanza. Mtani aliyenuna hachekeshwi na mtani wake. Wewe ndiye uliyeufunga mlango. Ufungue."

"Niufungueje?"

"Watukane."

"Mimi?"

"Wote wawili. Na vizuri."

Ottilia akawatazama wamama wale, umri wa mama yake kila mmoja. "Mama Eliza," akaanza, "chokoleti yako, kwa kweli, ingeweza kuongezewa juhudi kidogo."

"Hiyo ni ripoti ya shule," akasema Pankras.

Jirani mmoja akakohoa. Kwa mbali Bi Devotha alikuwa ameanza kufunga mkoba wake. Ottilia akafumba macho, akawaza boksi la plagi, na kitu kikamtoka kifuani ambacho hakujua kama kimo.

"Mama Eliza, chokoleti yako ni nyeusi na chungu kama mkwe aliyekuja bila taarifa: inakaa mdomoni, haiondoki, na haijasema imefuata nini! Na wewe Mama Kunigunda, jibini yako inanuka mpaka ng'ombe aliyetoa maziwa amekwenda kwa padri kukana kwamba ni yake!"

Hata mawimbi yalingoja.

Kisha Mama Eliza akasema, akiwa bado ameinamia mkono wake, "Kwa padri hakufika. Alikimbilia huku ziwani. Tumemficha."

"Mmemficha au mmemla?" Mama Kunigunda akauliza. Alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kile kiti. "Nyinyi mlioshindwa hata kutofautisha kakao na tope la pwani yenu!"

"Mguu mfupi wewe! Nani kakupa kiti changu cha mto? Toka, utakipa harufu!"

"Nimekaa juu yake makusudi!"

Wakashikana mabega, wakacheka mpaka kilemba cha Mama Kunigunda kikaanguka kwenye ungo wa kakao. Majirani wakapumua. Ottilia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, asijue lipi lilitangulia, mpaka alipogeuka na kumwona Bi Devotha amesimama nyuma yake, miwani mkononi, machozi mashavuni.

"Mama, ngoja nieleze," akaanza Ottilia, "hawa si kwamba—"

"Tangu asubuhi," akasema Bi Devotha. "Tangu asubuhi nasubiri mtu anitukane! Mimi nimezaliwa Dar, lakini baba yangu alikuwa Mngoni wa kutoka kule Songea. Aliniambia, ukifika kwa watani wetu Wamatengo na Wanyasa watakupokea kwa matusi hadi ujisikie nyumbani. Nikapanda gari, mnanipa mashimo ya mraba na shikamoo. Nikajua basi, siku hizi hatutakiwi."

Wamama wawili waliachana. Wakatazamana. Mngoni!

"Eliza," akasema Mama Kunigunda polepole, "ficha kakao."

"Wewe funga kapu! Kumbe ndiyo maana alikuwa anatafuna huku amefumba macho, alikuwa anahesabu vya kuiba!"

"Hawa ndio waliowafukuza babu zetu mpaka tukaenda kulima kwenye ukuta!"

"Na sisi wakatusukuma majini! Leo amekuja na miwani, anajifanya anaonja!"

Bi Devotha alivaa miwani yake vizuri. Akaitazama sahani, akaliona kapu, na pale pale upole wote ukamtoka. "Mngoni haonji," akasema. "Mngoni huchukua." Akanyakua gurudumu zima la jibini, akalikwapua na bonge la chokoleti, akatimua mbio kuelekea kwenye Noah na viatu vyake vya kutembelea.

Hakuna sheria inayomzuia mtani kuchukua, ila ipo inayoruhusu kumkimbiza. Wakamkimbiza: Mama Eliza na mwiko, Mama Kunigunda na kilemba mkononi, majirani wakipiga vigelegele. Bi Devotha akajifungia garini, akashusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Faini!" Mama Eliza akagonga bati. "Mwizi wa utani hulipa faini!"

"Semeni ni nini!"

Wamama wote wawili wakamgeukia Ottilia. Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kioo, anahema, ana mchanga mpaka kwenye nyusi. Zamani, yaani asubuhi ile, angesema tafadhali.

"Mwizi wewe, mjukuu wa wezi!" akapiga kelele. "Faini ni watu! Gari zima! Wakusaidie kula, maana peke yako hiyo jibini itakutoa roho!"

Nyuma ya kioo Bi Devotha alikuwa tayari amevunja kipande cha jibini na kipande cha chokoleti, anavitia vyote mdomoni kwa pamoja.

"Juni," akasema akiwa amejaza mashavu. "Mvua zikikatika nawaleta. Ila huyu binti akiwasalimia kwa heshima, tunageuza gari."